Mama wa Muheza kauliza: hizi seli za kusaidia neva zinazokuzwa maabara, tuuze shamba tukamchome kijana sindano zake?

Mama mmoja wa Muheza kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha. Ana kijana wa miaka 14, alianza kujikwaa tangu darasa la pili, nyayo zimejikunja juu kama za baba yake, vifundo vya miguu vinalegea na sa hivi hata kufunga vifungo vya shati la shule inakuwa kazi. Walizunguka sana mpaka wakafika Dar, akapimwa neva, damu ikapelekwa India, jibu likarudi kwamba ni CMT aina ya 1A, ugonjwa wa neva wa kurithi. Afu kwenye grupu la WhatsApp mtu akamrushia namba ya kliniki ya nje inayochoma watu sindano za "seli shina za kuotesha neva", bei kwa dola, na mdogo wake anayesomea maabara akamwambia ni kweli wanasayansi wanakuza seli za kusaidia neva kutoka seli shina za binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Anauliza, hicho wanachouza na hicho anachosoma mdogo wake ni kitu kimoja? Maana baba watoto yuko tayari kuuza shamba la michungwa.

Marahaba dada yangu. Shamba msiuze. Na mdogo wako hajakudanganya, hizo seli zipo, watu wanazikuza kweli, ila zinakuzwa kwa kazi nyingine kabisa na nikikueleza zinavyokuzwa utaona mwenyewe kwa nini haziwezi kuwa ndani ya ile sindano. Nitaenda polepole, we soma na mdogo wako pembeni.

Neva inayoamrisha misuli ya mguu wa kijana inaanzia kwenye uti wa mgongo huko kiunoni mpaka chini unyayoni, na ndani yake kila uzi ni sehemu ya seli moja tu, kwa mtu mzima unakaribia mita nzima kwa urefu. Uzi huo hauishi peke yake, kuanzia juu mpaka chini umeshikwa na seli za kuusaidia zinazoitwa seli za Shwani, ni jina la Mjerumani Theodor Schwann aliyezieleza mwaka 1839. Kila seli inachukua kipande chake, hakizidi sana milimita moja, inajizungusha pale tena na tena kama mzee anavyofunga kilemba, tabaka juu ya tabaka, na hayo matabaka ya mafuta na protini ndo yanaitwa mayelini. Piga hesabu, uzi mmoja tu wa mguu una seli za Shwani kama elfu moja zimejipanga foleni, na neva moja ina nyuzi maelfu. Hiyo hesabu ishike, tutairudia kwenye habari ya sindano.

Mayelini ikiwa nzima taarifa inaruka kutoka pengo hadi pengo, yale yaliyo kati ya seli moja ya Shwani na nyingine, na neva ya mkono inaipitisha kwa spidi ya zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Kwa mwenye CMT1A spidi inashuka chini ya 38, mara nyingi unakuta ni 20 na kitu. Angalia ile karatasi ya kipimo cha neva mliyopewa, hiyo namba iko pale.

Chanzo chake ni kwamba kwenye kromosomu ya 17 kuna kipande kimejirudia, kwa hiyo jeni moja inaitwa PMP22 badala ya kuwa nakala mbili ziko tatu. Hii ilijulikana mwaka 1991, ingawa ugonjwa wenyewe ulielezwa zamani, 1886, na Charcot na Marie kule Ufaransa na Tooth wa Uingereza, ndo hizo herufi tatu C, M na T. PMP22 ni protini ya kujengea mayelini, ikizidi seli ya Shwani inashindwa kuitunza mayelini, mayelini inavunjika, inajengwa tena vibaya, inavunjika, na miaka ikienda uzi wenyewe unaanza kufa kuanzia mwisho wake, nyuzi ndefu kwanza, ndo maana miguu inatangulia mikono. Misuli ya kijana haina ugonjwa wake. Imekosa wa kuiamrisha ndo inanywea.

Sasa kwa nini watu wahangaike kukuza hizi seli? Kwa sababu huwezi kwenda kwa mgonjwa ukamkata neva kila ukitaka kujaribu dawa. Zamani njia ilikuwa panya, na panya wamesaidia sana tusiwadharau, lakini sikiliza kilichotokea. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa waliwapa panya wenye PMP22 nyingi vitamini C, ile ya kawaida kabisa, na wale panya wakapata nafuu, wakatembea vizuri zaidi, mayelini ikarudi. Dunia nzima ya CMT ikafurahi, dawa ya bei ya chungwa! Yakafanyika majaribio kwa watu, Ufaransa, Italia, Uingereza, Uholanzi, Australia, Marekani, watu wakameza vidonge mwaka mzima na wengine miaka miwili, na mwisho wake hamna tofauti yoyote na waliomeza vidonge vya bure visivyo na kitu. Hiyo ndo hasara ya kutegemea panya peke yake, na ndo iliyofanya watu waseme jamani tupate seli za Shwani za binadamu mwenyewe, ikiwezekana za mgonjwa mwenyewe, tuziulize hizo kwanza kabla ya kumsumbua mtu.

Na hapo ndo Mjapani Shinya Yamanaka anaingia. Mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu alionyesha kwamba ukichukua seli ya kawaida ya ngozi ukaiwashia jeni nne tu, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, inarudi nyuma inakuwa seli shina yenye uwezo wa kugeuka kuwa karibu seli yoyote ya mwili. Alipewa Nobeli 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Maana yake kwa kijana wako ni hii, kijiko cha damu yake kinaweza kuwa seli shina, na seli shina hizo zina ile PMP22 ya tatu ndani yake vilevile, kwa hiyo ukizigeuza kuwa seli za Shwani unakuwa na ugonjwa wake kwenye sahani ya maabara bila kumgusa tena.

Kuzigeuza ndo shughuli. Mwilini seli za Shwani zinatokana na kundi la seli linaloitwa kreti ya neva, zinajitokeza mgongoni mwa kiinitete mapema sana afu zinasambaa, zikiwemo zinazokuwa rangi ya ngozi na mifupa ya uso, kwa hiyo maabara lazima upite njia hiyohiyo, huwezi kuruka. Unachukua seli shina zimekaa kwenye sahani iliyopakwa protini za kushikilia, unazizimia ishara mbili kwa dawa, na unawasha ishara ya tatu inayoitwa WNT kwa dawa yenye jina la ajabu CHIR99021. Dozi hapa ni roho ya kazi. WNT ikipungua unapata seli za ubongo, ikizidi unapata seli za kuelekea misuli na mifupa, na dozi iliyofanya kazi kwa seli za mtu mmoja inaweza kukataa kwa seli za mtu mwingine, kwa hiyo kila mgonjwa unaanza kupima upya, inachosha hiyo we acha tu. Baada ya wiki moja mbili zikienda vizuri zinaanza kutambaa pembeni ya kundi, unazichuja kwa alama zilizo juu ya seli hizo, p75 na HNK1, zilizobaki unatupa.

Kisha unazilisha neuregulini. Hiyo ni protini ambayo mwilini uzi wa neva wenyewe ndo unaitoa, ndo inayoiambia seli ya Shwani ishi, ongezeka, na baadaye ndo inayoiambia zungusha mayelini au usizungushe na izungushe unene gani. Unaongeza na foskolini ya kupandisha ishara za ndani, na vingine vichache kutegemea maabara. Wiki zinaenda, kuanzia seli shina mpaka seli ya Shwani inayoeleweka usitegemee chini ya mwezi, na wengi inawachukua zaidi. Zikikaa vizuri utazipenda, nyembamba ndefu zenye ncha mbili, zinajipanga kwa mawimbi. Zisipokaa vizuri zinavamiwa na seli bapa za aina ya nyuzinyuzi, maana kreti ya neva inaweza kuzaa na hizo pia, na hizo zinakua haraka kuliko zako, ukiweka seramu nyingi (maji ya damu ya kulishia seli) umezikaribisha mwenyewe.

Hapa nataka mdogo wako asikilize kwa makini kwa sababu hapa ndo watu wanadanganyana, hata wasomi. Mtu anapaka rangi ya protini inaitwa S100B, seli zinang'aa, anatangaza nimepata seli za Shwani. Hapana bwana. S100B iko kwenye seli za rangi ya ngozi, iko kwenye seli za mafuta, iko kwenye ubongo. Unataka na protini nyingine iitwayo SOX10, unataka MPZ ambayo ni protini kuu ya mayelini ya neva za nje, unataka kadhaa kwa pamoja, na zikipita zote bado mi ntauliza swali moja, zinafanya kazi? Ziweke na nyuzi za neva hai, zipe vitamini C ambayo kwenye sahani ni lazima maana bila hiyo haziwezi kujenga utando wa chini, ule unaozifunika kwa nje, zikaanza kujizungusha (ndo hiyohiyo vitamini C iliyotupa matumaini ya bure, kinachohitajika kwenye sahani si lazima kiwe dawa mwilini), subiri wiki kadhaa nyingine, afu angalia kwa hadubini ya elektroni kama matabaka yapo na yameshikana. Seli za binadamu ni wavivu sana hapo, za panya zinazungusha haraka, za binadamu zinazotoka seli shina mara nyingi zinashika uzi, zinajipanga, halafu zinagoma. Ndo tatizo kubwa la fani hii mpaka leo kwa maoni yangu, kupata seli yenye jina sahihi tunaweza, kupata seli inayofanya kazi ya mtu mzima bado tunapambana.

Kwa upande wa misuli kuna hatua nyingine. Pale uzi wa neva unapoishia kwenye msuli kuna seli za Shwani za aina ya pekee zimekaa juu ya kiungo hicho, hazina mayelini, kazi yake ni kukitunza na kukisaidia kurudi neva ikiumia. Ukitaka kujua kwa nini mkono unalegea sahani yako lazima iwe na watatu, neva inayoamrisha, msuli unaokaza, na seli ya Shwani katikati. Berlin, timu ya mtafiti Mina Gouti mwaka 2020 ilitoa kipande kidogo kilichokua chenyewe kutoka seli shina za binadamu, kina uti wa mgongo upande mmoja na msuli upande mwingine, na zile seli za Shwani za mwisho zikajitokeza zenyewe pale kwenye kiungo, msuli ukawa unakaza kweli. Wakakiwekea antibodi za wagonjwa wa mayasthenia, ugonjwa wa kinga kushambulia hicho kiungo, na kikadhoofika. Kwa kijana wako hiyo si tiba lakini ndo aina ya sahani ambayo dawa ya CMT itapitia.

Watu wa Tanga mnaweza kudhani haya ni ya Wazungu wenye magonjwa adimu. CMT yenyewe kwanza si adimu hivyo, kwa hesabu zinazotumika sana ni kama mtu mmoja kwa kila 2,500, huku kwetu wengi tunawaita tu wana miguu mibovu ya ukoo. Pili, kuna ukoma. Bakteria wa ukoma, aliyeonekana na Hansen wa Norway mwaka 1873, makazi yake anayoyapenda ni seli za Shwani, anazishika kupitia protini za nje ya seli, laminini na distroglikani, ndo maana mgonjwa anapoteza hisia na vidole vinakunjwa. Na huyu bakteria hakui kwenye chakula chochote cha maabara, anagawanyika mara moja kwa kama wiki mbili, miaka yote wametegemea nyayo za panya na mnyama wa Amerika anayeitwa armadilo, anafanana kidogo na kakakuona wetu. Seli za Shwani za binadamu kwenye sahani zinafungua mlango hapo. Kwa hiyo yeyote anayesoma hapa mwenye ganzi ya miguu au mikono, asikimbilie kujiita CMT, acheki kwanza mabaka yasiyo na hisia, acheki sukari, dawa za ukoma serikalini ni bure na zinaponya.

Haya, sindano sasa. Rudi kwenye ile hesabu. Seli za Shwani kama elfu kwa uzi mmoja, nyuzi maelfu, miguu miwili na mikono miwili. Mtu anayechoma mgongoni au kwenye mshipa wa damu hizo seli zitajipanga vipi kila milimita toka kiunoni mpaka kidoleni, na zile mbovu zilizopo nani amezitoa? Halafu wakisema wanatumia seli za kijana mwenyewe, hizo zina PMP22 tatu zilezile, lazima kwanza zirekebishwe jeni, na hilo kwenye sahani linafanyika ila kwenye sindano ya dola hakuna anayelifanya. Na mara nyingi wanachochoma wala si seli za Shwani, ni seli za mafuta ya tumbo au za kitovu cha mtoto zimepewa jina tamu. Kingine cha kuogopesha, seli shina halisi zikibaki hata chache bila kugeuka zinaweza kuota uvimbe wenye nywele na meno ndani, si hadithi hiyo, ndo kipimo chenyewe tunachotumia kwa panya kujua kama seli shina ni za kweli.

Kuna watu wamewahi kupandikizwa seli za Shwani kihalali, kule Miami, walipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, 2012, kwa walioumia uti wa mgongo. Seli zilitoka kwenye neva ya mguu ya mgonjwa mwenyewe, si seli shina, na swali la kwanza lilikuwa je ni salama tu. Na wagonjwa hawakuuziwa. Nyie Tanga na Bagamoyo mnajua jaribio la kweli linavyokuwa, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Korogwe na Bagamoyo kuanzia 2009, WHO ikaipendekeza 2021, miaka kumi na mbili hiyo, na kuna mzazi aliyelipishwa? Alisomewa fomu, akaelezwa hatari, akasaini, akaruhusiwa kujitoa akitaka. Kliniki ikikuomba hela uingie kwenye "utafiti" wao, block hiyo namba.

Mdogo wako kauliza kama Tanga tunaweza kuzikuza. Vifaa vyenyewe vinanunulika, kabati la hewa safi, inkubeta ya nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, tangi la naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Shida ni umeme usiokatika, dawa zinazotakiwa zifike zikiwa zimeganda kutoka ulaya hadi mlangoni, na mtu wa kulisha seli kila siku, Idi, Jumapili, msibani, seli shina hazijui sikukuu. Kitu ambacho tunaweza kuanza nacho leo na nakisisitiza ni kutambua wagonjwa vizuri na kuhifadhi sampuli zao kwa idhini, kupitia kibali cha maadili cha taifa pale NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kusafirisha sampuli zikitoka nje, kwa sababu benki za seli shina duniani zimejaa seli za watu wenye asili ya Ulaya na za kwetu ni chache mno. Aandike hilo kwenye mradi wake wa chuo, ntamsaidia.

Kwa kijana, hela mliyotaka kutupa huko gawanyeni hivi. Kwanza vifaa vya kushikilia vifundo vya miguu visianguke, mafundi wake wanasomeshwa Moshi kwenye chuo cha TATCOT, na Dar hospitali ya CCBRT wanafanya pia, anapimwa yeye mwenyewe, asivae vya mtumba. Pili mazoezi na mtaalamu wa viungo, kunyoosha kano za kisigino kila siku, kuogelea ni kuzuri sana na bahari mnayo. Tatu, hili andikeni kwenye kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu, asipewe vinkristini. Ni dawa ya kansa inayotumika sana, na kwa mwenye CMT1A inaweza kumwangusha miguu ndani ya wiki chache, daktari yeyote aambiwe kabla. Umri wa kuishi kwa kawaida haupungui kwa CMT1A, asome, achague kazi isiyotegemea kusimama kutwa.

Halafu umesema ana mdogo wake wa kike wa miaka 6 na unataka apimwe damu nae. Kwa kuwa baba nyayo zake ziko hivyohivyo basi inaelekea imetoka kwake, na kila mtoto anakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu, haijalishi wa kike au wa kiume. Lakini kama anakimbia vizuri na hajikwai kipimo cha jeni hakitabadilisha chochote sasa hivi, mtoto ambaye hana dalili kwa kawaida haharakishwi. Baba ndo apimwe neva kwanza, ni rahisi na ya bei ndogo kuliko India, mkiwa na karatasi yake nitumie ile namba ya spidi ya mkono.